Nimempeleka shangazi wa Lushoto kwenye maepo ya Adams County: nyota nne, na moja nimeibania kwa sababu

Wakuu habari za wikendi. Kila mwaka ikifika Septemba watu wa huku Maryland na DC mnaulizana watoto tuwapeleke wapi kuchuma maepo (yale kamusi inayaita matufaha), na kila mwaka mnaishia kwenye yale mashamba ya karibu na jiji, mnalipa kiingilio kama mnaenda kuangalia Simba na Yanga, mnapiga picha na maboga, mnarudi na kimfuko cha maepo sita. Sisi safari hii tulivuka mpaka tukaingia Pennsylvania, Adams County, ile kaunti ya Gettysburg, na nawaambia ukweli hatutarudi tena kwenye maboga ya kupigia picha.

Sababu ya kwenda ni shangazi. Shangazi yangu ana shamba Lushoto, juu ya Soni kule, ana maplamu, mapeasi na miti kumi na kitu ya maepo ambayo kila msimu ni kesi. Amekuja kutusalimia miezi mitatu, wiki ya kwanza tukampeleka Ikulu ya Marekani akaiangalia kwenye uzio akasema "haya", tukampeleka kwenye maduka makubwa akasema miguu inauma. Siku aliyopita kwenye kitengo cha matunda supamaketi, akashika epo moja akaligeuza kwenye taa kama anaangalia yai, akauliza "hili limetoka wapi na limevunwa lini?" Nikajua mama huyu anahitaji shamba, hahitaji Ikulu.

Kwa wasiojua jiografia, unapanda barabara ya US-15 kupitia Frederick, unapita Emmitsburg, ukifika Gettysburg unachukua ya 34 kwenda kaskazini, dakika kumi na kitu uko Biglerville. Kutoka kwangu saa moja na nusu hivi. Ukishaipita Gettysburg tu vilima vinaanza, na kila kilima kina mistari ya miti ya matunda, upande wa magharibi South Mountain imekaa kama mkeka umekunjwa. Shangazi alikuwa anasinzia, akaamka akasema "ah, sasa hapa." Hapo hajaona epo hata moja, kaona mteremko. Mwenyewe akanieleza, mti wa tunda huuweki bondeni maana baridi ya usiku inashuka kama maji inatuama chini inaunguza maua, unauweka kwenye mteremko baridi ipite iende zake. Baadaye mzee wa shambani akatuambia kitu hichohicho neno kwa neno, kwamba ndo maana matunda yalikubali huku, mteremko wa kupitisha ubaridi, halafu Baltimore, Washington na Philadelphia ziko karibu kwa soko.

Tulianzia National Apple Museum pale Biglerville. Jumba la makumbusho la maepo, ndiyo, lipo. Kama uliwahi kuchekwa kwa kupenda kitu cha ajabu basi hawa watu wako. Liko ndani ya ghala la kilimo la zamani lililojengwa kabla ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865, na ghala lenyewe peke yake linatosha safari. Limejengwa kwenye mteremko, upande wa juu mkokoteni unaingia moja kwa moja ghorofani na mzigo, upande wa chini ndo walikuwa wanakaa ng'ombe na farasi. Shangazi alicheka sana, "hii si nyumba ya kwetu Lushoto, unaingia mbele uko ghorofani unatokea nyuma uko kwenye migomba." Ndani ni vyombo vya zamani vya shambani, vya kufungashia, vya kusindika, ukienda na mtu anayeelewa kilimo jiandae kukaa maana atasimama kwenye kila kimoja. Watoto wangu walivumilia kama dakika arobaini, wa miaka kumi alipenda, wa miaka sita alitaka kujua kama kuna dinosaria. Hapa nyota tano bila ubishi. Ila pigeni simu kwanza, haliko wazi kila siku na msimu wa baridi usijisumbue.

Sasa historia yenyewe, na mi huwa sipendi historia ya kusimuliwa kama niko kwenye mtihani wa Necta lakini hii ilinishika, kwa sababu unaona watu walivyohangaika na tatizo lilelile la shangazi yangu. Walowezi wa mwanzo huku walikuwa Waskoti wa Ireland na Wajerumani. Kila familia ilikuwa na miti yake michache nyumbani, ila epo la kung'ata mkononi halikuwa ndo shabaha. Epo lilikuwa ni saida ya kunywa, siki ya kuhifadhia mboga na nyama maana friji hakuna, na vipande vya kukausha ambavyo Wajerumani wale waliviita schnitz, mpaka leo wana chakula chao cha nyama ya nguruwe na schnitz na vidonge vya unga wa ngano (nyama siwezi kuwasimulia ladha yake, ila vipande vikavu tulinunua na ni vitamu, vina uchachu kama ukwaju mdogo). Na saida huku wakisema saida wanamaanisha juisi ya epo iliyokamuliwa haijachujwa ikawa maji, ya kahawia, nzito. Yenye kilevi wanaiita kwa jina lingine, kwa hiyo msishtuke watoto wakipewa.

Pia mzee mmoja alitufafanulia kitu ambacho shangazi alikijua lakini mi sikukijua, kwamba ukipanda mbegu ya epo hupati epo lile. Mbegu tano za tunda moja zinakupa miti mitano tofauti, na mingi matunda yake ni makali hayaliki. Yule John Chapman wanayemwita Johnny Appleseed, aliyezaliwa Massachusetts 1774 akawa anazunguka Pennsylvania na Ohio anapanda mbegu, miti yake mingi ilikuwa ya kukamulia saida, wala hakuwa anawapandia watoto wa shule matunda kama kwenye vitabu vya katuni. Ukitaka aina fulani lazima ubebeshe, unachukua kitawi cha mti unaoutaka unakipachika kwenye shina lingine. "Kama embe la Muheza," shangazi akasema, basi, ameelewa, tukaendelea.

Anayeitwa baba wa biashara ya matunda ya kaunti ile ni mkulima mmoja, Noah Sheely, mwishoni mwa miaka ya 1870 huko, akapanda shamba la maepo la kuuza, siyo miti mitatu nyuma ya jiko. Majirani wanaambiwa walimwona kama kachanganyikiwa, na hilo naliamini kabisa hata bila ushahidi maana majirani ndo kazi yao. Halafu 1884 reli ya Gettysburg na Harrisburg ikakamilika ikipita hapohapo Biglerville, na mchezo ukabadilika. Kabla ya reli epo lako linauzwa umbali wa farasi, baada ya reli linapakiwa kwenye mapipa ya mbao linafika bandarini, mengine yalivuka bahari mpaka Uingereza. Hapa nilimwangalia shangazi. Pale Mombo tunapajua wote, basi la Arusha linasimama, akinamama na vijana wanakimbia na ndoo na visahani dirishani, maplamu maplamu mapeasi, na kisichouzwa leo kesho kina madoa na keshokutwa kinamwagwa. Soko la umbali wa basi hilo.

Na hapa ndo nataka mnisikilize. Epo lililoijenga kaunti hii ni baya kwa sura. Linaitwa York Imperial, limeanzia mji wa York kaunti ya jirani mwanzoni mwa miaka ya 1800, na limeinama upande mmoja kama kofia ya mtu aliyelala kwenye daladala. Hadithi yake ni kwamba mkulima wa hapo aliona watoto wa shule mwanzoni mwa majira ya kuchipua wanafukua maepo chini ya majani yaliyooza tangu mwaka jana, na bado mazima matamu. Ndo akajua ana mti wa maana. Sifa yake ni hiyo, linakaa. Baadaye mtaalamu mmoja wa matunda akaliita mfalme wa kukaa ghalani, ndo likapata hilo jina la Imperial, yaani la kifalme. Halafu kokwa yake ndogo na nyama yake ngumu, ukilipika halivurugiki, kwa hiyo viwanda vilivyoanza vikalipenda kufa. Supamaketi ya leo hawaliweki mbele hata siku moja, lina sura ya kuomba msamaha.

Viwanda vyenyewe, 1907 ndo Christian Musselman akaanzisha kampuni yake pale Biglerville ya kusindika matunda makoponi. Jina hilo mnalijua wote hata kama hamjui mnalijua, zile chupa na vikopo vya epo lililopondwa tunavyowapakia watoto kwenye mkoba wa shule, Musselman's, ndo huyo. Maktaba ya chuo cha Gettysburg nayo ina jina la familia hiyo. Halafu 1949 wakulima wakaunda ushirika wao, Knouse Foods, makao yake Peach Glen palepale kaunti, na ushirika huo mali ya wakulima wenyewe ndo wana chapa ya Lucky Leaf, na 1984 wakainunua na Musselman's. Yaani wakulima wamenunua kiwanda kilichokuwa kinanunua maepo yao! Nilimtafsiria shangazi hii mara mbili, mara ya kwanza alidhani nimekosea. Kwetu neno ushirika mzee wa kahawa akilisikia anashika mfuko wake kwanza.

Kipande kingine kilichonishangaza, wakati wa Vita ya pili ya dunia vijana wote walikuwa jeshini na maepo yanaanguka chini, 1944 wakaletwa mateka wa Kijerumani wakawekwa kambi pale Gettysburg kwenye uwanja uleule walikopigana 1863 katika vile vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakafanya kazi mashambani na kwenye viwanda vya makopo. Fikiria umetoka Ujerumani umetekwa umevushwa bahari, unamenya maepo kwa wajukuu wa Wajerumani wenzio. Shangazi akasema hata kwake matunda ya kizungu babu zetu walikuwa wakisema ni mambo ya Wajerumani, enzi Lushoto inaitwa Wilhelmstal. "Hawa watu wakikaa mlimani lazima wapande kitu." Siku hizi wavunaji ni watu wa Mexico, Haiti na Jamaika, wengi wanakuja kwa viza ya msimu wanarudi kwao. Tuliwaona wako juu ya ngazi wamevaa mfuko wa kuvunia kifuani kama mama aliyembeba mtoto mbele, mkono unageuza tunda kidogo linatoka na kikonyo chake, bila kuvuta, na mfuko unafunguka chini ili yasidondoke kwa kishindo. Kasi yao siyo ya kawaida. Mwanangu alijaribu kuvuna kama wao kwenye mti wa wageni akaangusha matatu.

Haya sasa shamba lenyewe. Jina silitaji, liko kwenye barabara ya kuelekea Arendtsville, yako mengi yanafanana na sitaki kesi. Na hapa ndo nyota yangu moja imepotelea.

Kuchuma mwenyewe unalipia kimfuko, siyo kiingilio, hilo safi. Tulichukua busheli nusu, busheli nzima ni kilo 19 hivi, kwa hiyo piga hesabu, na bei yake ilikuwa kama theluthi ya bei ya dukani kwetu. Miti ya sasa siyo ile ya kwenye picha, wakuu. Nilikuwa nategemea mti mkubwa wa kupanda na kivuli chake, nikakuta vimiti vya kimo changu vimefungwa kwenye nyaya kama mizabibu au mipesheni. Wanabebesha kwenye mashina mafupi, zamani ekari moja ilikuwa na miti kama 40 hivi, sasa hivi inapita 1,000, inazaa mapema na huhitaji ngazi kubwa. Kwa wageni ni raha, mtoto wa miaka sita anachuma mwenyewe. Kwa picha siyo sana, unaonekana uko kiwandani.

Aina zilizokuwepo siku yetu, Honeycrisp (ya chuo kikuu cha Minnesota, ilitolewa 1991, ndo kila mtu anaigombania, maji mengi inalia krachi), Gala, Golden Delicious, na Stayman walikuwa ndo wanaanza. Chukueni Stayman. Ina uchachu na utamu pamoja, inafaa kula na inafaa kupika, watu wa mjini hawaijui kwa hiyo haina foleni. Red Delicious waachieni wenye hoteli.

Malalamiko sasa. Kwanza foleni ya donati za saida, dakika hamsini, hamsini, na tulipofika dirishani donati zimepoa, yule binti hata hakusema pole akasema "inayofuata". Donati ya saida ikiwa ya moto ni kama andazi lililoenda ulaya likarudi limeolewa, ikipoa ni sponji yenye sukari. Pili mashine ya kadi iligoma na hakuna aliyeweka tangazo huko mwanzo wa foleni, tukaambiwa keshi tu tukiwa mbele, nikaanza kukusanya chenji kwenye gari kama konda. Tatu, vyoo. Vyoo vya plastiki viwili kwa umati ule, na shangazi ni mtu mzima. Shamba linauza mpaka mishumaa yenye harufu ya epo linashindwa choo cha tatu?

Ila mzee wa trekta alituokolea siku. Kulikuwa na mkokoteni wa kuvutwa na trekta unazungusha wageni, umejaa nyasi kavu za kukalia, na dereva ni babu mwenye shamba, umri wake na wa shangazi naona haupishani. Watoto niliwabana wakamsalimia kwa adabu kwa Kiingereza, shangazi akanong'ona "mwambie shikamoo", nikamtafsiria mzee maana yake, akafurahi akawa anairudia vibaya safari nzima, "shikamu, shikamu". Akiwa anaeleza aina na wadudu (wana mdudu mmoja wa madoa aliyetoka Asia, alionekana Pennsylvania mara ya kwanza 2014, na kuna kunguni wa kunuka naye mgeni) shangazi akanigusa bega: muulize yale mabaya anapeleka wapi.

Nikamuuliza. Mzee akasimamisha trekta kabisa. Akasema mama huyu ni mkulima, kwa sababu wageni huwa wanauliza yale mazuri.

Basi akaeleza. Yale yenye rangi na sura yanaenda ghala la baridi, mengine kwenye vyumba ambavyo wanapunguza hewa ya oksijeni mpaka epo linalala usingizi, la Oktoba unalila Mei. Lenye doa au kovu la mvua ya mawe au lililopinda linaenda kiwandani, linamenywa na kutolewa kokwa kwa mashine, linapondwa au linakatwa vipande vya pai. Maganda na kokwa navyo havitupwi, vinakamuliwa, vinatoka siki. Yaliyoanguka yakapasuka nayo yana njia yake, na makapi ya mwisho kabisa ng'ombe. Bei inashuka kila hatua lakini hakuna hatua ya sifuri. Akasema kuna miaka mvua ya mawe ilipiga kila kitu, na pasipo kiwanda pale jirani babu yake angeuza shamba. Sasa hivi mambo yamegeuka, kiwanda kinalipa kidogo na wengi wanang'oa York wanapanda Honeycrisp za kula mkononi, yeye amebakiza mistari miwili ya York, mke wake anamwambia ni ubishi tu.

Shangazi alikaa kimya muda. Kwake yenye madoa analisha mbuzi, na dalali akija anahesabu madoa kwanza ndo anataja bei ya mazuri.

Halafu ikawa zamu ya mzee kuuliza. Huko kwenu ikweta hakuna baridi ya theluji, maepo yanachanuaje? Maana epo la kawaida linataka saa kama 1,000 za ubaridi ndo liamke lichanue, bila hivyo mti unabaki kuzubaa na majani yake. Shangazi akanyoosha mikono akamwonyesha kwa vitendo: tunaunyonyoa. Baada ya kuvuna unapita mti mzima unang'oa majani yote kwa mkono, jani moja moja, mti unadhani umeshapita msimu mbaya, wiki chache unachanua. Mzee akavua kofia. Akatoa kidaftari kwenye mfuko wa shati akaandika, naapa aliandika. Miaka yote analima na pale jirani Biglerville kuna kituo cha utafiti wa matunda cha chuo kikuu cha Penn State chenye zaidi ya miaka 100, lakini hii kaja kuambiwa na mama wa Lushoto amevaa kitenge juu ya jaketi la mjukuu.

Shangazi akaona hapohapo pa kupenyea, akaomba kitawi cha York akabebeshe kwake. Mzee akakataa kwa upole, magonjwa yanasafiri kwenye vitawi, na forodha watakunyang'anya uwanja wa ndege wakupige na faini. Na kweli msijaribu.

Tulichonunua, maana najua ndo mnachotaka. Saida galoni moja, kunywa baridi, halafu jioni ichemsheni na mdalasini na karafuu na iliki kidogo, mtanishukuru. Angalieni chupa, ukiona kibandiko cha onyo ujue haijapitishwa kwenye moto wala kwenye mwanga wa kuua vijidudu, wajawazito, wazee na watoto wadogo waiache. Siki, nzuri kwa kachumbari na achari ya maembe, haina ukali wa kukunja uso kama ile nyeupe ya dukani.

Na mwisho kabisa siagi ya epo, ambayo haina siagi hata tone, jina tu. Ni epo lililopikwa na saida yake masaa mpaka likawa jeusijeusi zito kama urojo uliokolea, na viungo. Zamani walikuwa wanapikia nje kwenye sufuria kubwa la shaba, mtaa mzima wanapokezana kukoroga kwa mwiko wa mpini mrefu kama kasia, siku nzima, ukiacha kukoroga tu inashika chini. Watu wa huku wanapaka kwenye mkate. Sisi tulipaka kwenye chapati na ile chupa ya kwanza haikumaliza siku mbili, mume wangu ambaye alikataa kuja kwa sababu ya mpira ndo alikula nusu. Nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningempa.

Jambo moja la lugha, maana kuna mtu atakuja kunisahihisha. Najua kamusi inasema tufaha. Lakini mi nimekulia Tanga mjini, na Tanga ukimwambia mtoto akalete tufaha anakuletea lile jekundu laini lenye kokwa moja kubwa na harufu ya waridi, siyo hili. Kwa hiyo epo, tusigombane.

Mkitaka vurugu ya ngoma na vyakula nendeni wikendi mbili za mwanzo za Oktoba, kuna tamasha la maepo pale Arendtsville, South Mountain Fairgrounds, lipo tangu miaka ya 1960. Mkitaka utulivu nendeni katikati ya Septemba, asubuhi, na keshi mfukoni, na mtoto ameshakwenda chooni. Mkiwa na muda pitieni Gettysburg, kule kwenye uwanja wa vita kuna shamba la mapichi ambalo tarehe 2 Julai 1863 watu waliuana ndani yake, na miti ya mapichi imepandwa tena palepale. Shangazi hakutaka kushuka kwenye gari. Alisema ameona matunda ya kutosha kwa siku moja.

Ameondoka wiki mbili zilizopita na chupa nne za siagi ya epo zimeviringishwa kwenye kanga katikati ya sanduku, zote zimefika salama. Juzi kanitumia sauti ya WhatsApp dakika sita. Amekusanya maepo yake ya madoa na maplamu yaliyopasuka, debe zima, kapika kwenye sufuria la shughuli kwa kuni tangu asubuhi, majirani wamekuja kuangalia. Imefuka vizuri, rangi imekubali, ila imeungua chini, kwa sababu saa tisa nilimpigia simu mimi kumuuliza inaendeleaje.